Jibu kwa msomaji: IS-3 zinatumaliza kila tukicheza, nirekebishe nini kwenye vita yetu ya Julai 1945?

Msomaji mmoja ameniletea swali, naliweka hapa kwa ufupi. Wako watu 4, wanacheza gemu ya vita ya mezani kwa vimodeli vya 1:72, na wametunga historia mbadala yao: Julai 1945, Ujerumani imeshaanguka, badala ya watu kurudi nyumbani Waingereza na Wamarekani wanaligeukia Jeshi Jekundu. Upande wa magharibi una vifaru vya Centurion 6 vya Waingereza na Pershing 4 za Wamarekani, Wasovieti wana vifaru vizito vya IS-3 10. Wamecheza mara 5 na zote 5 Wasovieti wameshinda, zamu ya 4 ikifika hakuna tena cha kucheza. Anauliza: "Niuongezee mzinga wa Centurion nguvu au niipunguzie IS-3 deraya, kipi ni haki zaidi?"

Mkuu, usifanye hata kimoja. Nimeisoma meseji yako mara mbili mbili na ninachokiona ni kwamba namba zenu za deraya hazina shida kabisa, shida ni kwamba mmebadilisha historia sehemu 3 kwa wakati mmoja bila kujua, afu vile vitu vinavyoamua vita ya vifaru kikwelikweli mmeviacha nje ya meza. Historia mbadala nzuri inabadilisha jambo moja tu, moja, na mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa siku ile. Ukibadilisha mawili matatu unakuwa na vimodeli vizuri kwenye kitambaa cha kijani, na hapo lazima mwenye chuma kinene ashinde maana hamjaweka kitu kingine cha kushindana nacho.

Tuanze na hiyo tarehe. Mpango wenyewe ulikuwepo kweli, haukuwa wa kutunga. Churchill aliwaagiza wapangaji wake wa kijeshi, na karatasi ya tarehe 22 Mei 1945 ikatoka, jina lake Operation Unthinkable, siku ya kuanza 1 Julai 1945. Walihesabu divisheni 47 za magharibi kwa mashambulizi, 14 kati yake za vifaru, na mbele yao wakaona Wasovieti wenye nguvu sawa na divisheni 170. Njia za kupita zilikuwa 2, ya kaskazini kutoka Stettin kwenda Schneidemühl na Bydgoszcz, ya kusini kutoka Leipzig kuelekea Poznań na Breslau, na vita kubwa ya vifaru walitegemea itapiganwa mashariki ya mito ya Oder na Neisse. Wakuu wa majeshi wakaisoma wakasema hapana, ikaishia kabatini. Kwa hiyo badiliko lenu moja ni hilo: badala ya hapana wakasema ndiyo. Basi. Hapo ndo historia inapinda, na kuanzia hapo kila kitu kinachowekwa mezani kiwe kilikuwepo tarehe 1 Julai mahali pale.

Sasa IS-3 ilikuwa wapi tarehe 1 Julai? Uzalishaji ndo kwanza ulikuwa umeanza Mei. Ulimwengu uliziona mara ya kwanza Berlin, gwaride la tarehe 7 Septemba 1945, zikapita 52 mbele ya wageni wa magharibi na wakashtuka kwelikweli, maana ule uso uliochongoka kama mkuki hawakuwa wameuona popote. Na hizo za mwanzo zilikuwa na matatizo, mishono ya kuunganishia chuma ilikuwa inapasuka, zikaja kufanyiwa matengenezo makubwa miaka ya mbele. Centurion nayo? Zilipelekwa Ujerumani 6 tu za majaribio Mei 1945, vita ikawa imeisha, hazikupiga hata kombora moja kwa adui. Yaani mmeweka mezani Centurion zote zilizokuwepo bara zima la Ulaya kwenye uwanja mmoja, zikipambana na kifaru ambacho kilikuwa bado hakijafika. Pershing hiyo sawa, ilikuwepo, 20 za kwanza zilifika mapema 1945 na mpaka Ujerumani inasalimu amri zilikuwa 300 na kidogo upande ule. Lakini 300 kwa jeshi zima ni chache, na wenye nazo ni Wamarekani, kwa hiyo ziweke njia ya kusini ya Leipzig, usizichanganye na Waingereza wa kaskazini.

Kama roho yako inataka IS-3 dhidi ya Centurion, na naielewa maana ni vimodeli vizuri na mmetumia muda kuvipaka rangi, basi sogeza tarehe mpaka majira ya kuchipua ya 1946 na hilo ndo liwe badiliko lako moja. Ila ukisogeza tarehe usogeze na gharama zake: kufikia hapo Wamarekani wengi walishapanda meli kurudi kwao, jeshi lao la Ulaya lilipungua vibaya mno, kwa hiyo magharibi wacheze na watoto wapya wasio na uzoefu na askari wa miguu wachache. Mimi binafsi naipenda zaidi Julai 1945, nitakwambia kwa nini.

Sababu ni Sherman, kile kifaru cha Kimarekani. Watu wanasahau kwamba Wasovieti walipokea Sherman zaidi ya 4,000 kwenye msaada wa Marekani, zile za injini ya dizeli, nyingi zikiwa na mzinga mrefu wa mm 76, na Jeshi la 2 la Vifaru la Gadi lililoingia Berlin lilikuwa na kikosi kizima cha Sherman. Upande wa pili Waingereza na Wapolandi waliokuwa chini yao wanatumia Sherman hizohizo. Fikiria sasa asubuhi ya ukungu, pande zote mbili zina kifaru kilekile, na hadi juzi walikuwa wanapeana sigara. Hicho kitu ni nadra kukipata kwenye vita nyingine za vifaru, na kinafuta kabisa ile hali ya "nakuona, nakupiga".

Sheria yake ni nyepesi. Kabla ya kupiga Sherman yoyote iliyo mbali zaidi ya sm 60 mezani, mpigaji atupe dadu 1, akipata 1 au 2 hajaitambua, hawezi kuipiga zamu hiyo. Kama kwenye zamu hiyo alipigwa au jirani yake alipigwa, basi kinyume chake, akipata 1 anapiga Sherman iliyo karibu zaidi hata kama ni ya kwao. Tulipocheza hivi mara ya kwanza kuna jamaa alikuwa na kundi la Sherman 4 amelificha nyuma ya shamba, zimekaa vizuri kabisa, ikatokea Sherman moja kwenye njia ya msituni ubavuni kwake na kila mtu mezani akajua ni ya Wasovieti kwa sababu tunaiona iko upande ule, lakini yeye dadu ikamtolea 2. Akakaa. Zamu iliyofuata tena 2. Zamu ya tatu ile Sherman ilikuwa imeshafika sm 30 na nyuma yake zimejipanga T-34-85 3 za Wasovieti, na kufikia hapo ile nafasi nzuri aliyokuwa nayo ikawa mtego wake mwenyewe. Hakuna deraya wala mzinga uliohusika hapo, ni macho tu. Na hivi ndivyo ilivyo kwa vifaru halisi, Wamarekani baada ya vita walikaa wakachambua mapambano ya Divisheni zao za 3 na 4 za vifaru, wakakuta kitu kikubwa kuliko vyote ni nani kamuona mwenzake kwanza na nani kapiga kwanza.

Hata ile ya Cologne, tarehe 6 Machi 1945 mbele ya kanisa kuu, Panther ya Wajerumani imeshaiua Sherman, ikaja Pershing kwa njia ya ubavuni ikaipiga kombora 3 na ikawaka moto. Panther mbele ilikuwa ngumu sana. Ikapigwa ubavuni, karibu, na mtu aliyetokea pembeni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukirekebisha mezani kwenu ni macho. Nyie mnaweka vifaru vyote 20 juu ya meza toka mwanzo na kila mchezaji anaona kila kitu kama ndege. Wale wa Prussia wa mwaka 1824, kina Reisswitz waliotunga gemu ya vita ya kufundishia maofisa, walishaona tatizo hili, wakaweka mwamuzi katikati anayejua yote na kila upande unajua tu kile ambacho maskauti wake wangekijua. Na Liverpool kuanzia 1942, kapteni Gilbert Roberts na mabinti wa jeshi la majini walikuwa wanachora bahari kwa chaki sakafuni, halafu maofisa wa meli wanasimama nyuma ya pazia wanachungulia kwenye tundu, wanaona kipande kidogo tu cha vita, wanatoa amri kwa hicho kipande, na wakitoka pale wanakwenda kuwinda nyambizi baharini kwelikweli. Nyie mko 4, kwa hiyo mmoja awe mwamuzi na wawili dhidi ya mmoja, au kama hakuna anayetaka kukaa pembeni, tumieni vikadi: kila kundi la vifaru linaanza kama kikadi kilichofunikwa, na kila upande unaongezewa vikadi vitupu 3 vya kudanganyia. Kikadi kinafunuliwa kikipiga, au kikisogelewa kwa sm 40, au kikivuka sehemu ya wazi mbele ya macho ya adui. Hilo peke yake litabadilisha gemu yenu kuliko namba yoyote utakayoongeza kwenye Centurion.

La pili ni ardhi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo IS zinapopata jibu lake.

Umesema meza yenu ina "vilima 2 na nyumba kadhaa". Ukiangalia nchi ya kati ya Stettin na Bydgoszcz ni mabaki ya barafu ya kale, migongo ya vilima vifupi vifupi, maziwa mengi, misitu, na mashamba yaliyo wazi katikati. Maziwa yanakulazimisha upite mahali fulani, na ile migongo ndo silaha yenyewe. Kifaru kinachojua kazi yake hakisimami juu ya mgongo, kinasimama nyuma yake kidogo, mwili umefichwa na udongo, kinatokeza kichwa tu na mzinga unainama kupiga chini bondeni. Sasa mzinga wa Pershing unainama nyuzi 10, wa IS-3 unainama nyuzi 3 tu, na IS-2, ile iliyoitangulia, ni hivyohivyo, kwa sababu kichwa chake ni kifupi na bapa na kitako cha mzinga mkubwa vile kinagonga dari ukijaribu kuushusha zaidi. Nyuzi 3 maana yake ukiwa juu, kwa kila mita 100 kwenda mbele unaweza kufuata mteremko wa mita 5 tu. Nyuzi 10 unafuata mteremko wa mita 17 na kitu. Yaani IS ikitaka kumpiga mtu aliye bondeni lazima ipande mpaka juu kabisa na kuinamisha mwili mzima mbele, na hapo imeshaweka hadharani tumbo, minyororo na kila kitu.

Mezani iweke hivi: Sherman na Pershing zikiwa nyuma ya mgongo zinahesabiwa zimejificha na zinaweza kupiga. IS ikiwa nyuma ya mgongo imejificha lakini haiwezi kupiga chochote kilicho chini yake, ikitaka kupiga isogee mpaka ukingoni na inapoteza kinga yote. Usiniambie hii ni kuwaonea Wasovieti, kwenye tambarare ule ufupi wa IS unaifanya iwe shabaha ndogo na hapo uwape faida yao, +1 ya ugumu wa kupigwa ikiwa mbali. Kila umbo la kifaru lina ardhi yake. Na kama mtacheza ile ya 1946, mkumbuke na uso wa mkuki wa IS-3: zile bamba 2 zinazokutana katikati zina nguvu ya ajabu ukija moja kwa moja, lakini ukisimama pembeni kidogo, kama nyuzi 40 hivi kutoka mbele yake, bamba moja inakuwa imekugeukia wazi na ule mlalo wa pembeni umepotea. Kwa hiyo igawe ile "mbele" ya IS-3 iwe mbele kabisa na mbele-pembeni, namba mbili tofauti. Mchezaji wa Centurion akishajua hivyo ataacha kujipanga mstari mmoja kama ukuta, atagawa vifaru vyake viwili viwili kushoto na kulia.

La tatu ni kasi ya kupiga na idadi ya makombora, na nadhani hapa kadi zenu zina kosa la wazi. Umeniandikia kwamba kila kifaru kinapiga mara 1 kwa zamu. Mkuu, ule mzinga wa mm 122 kombora lake ni la kilo 25 na linakuja vipande 2, kwanza kombora afu baruti yake, mpakiaji mmoja ndani ya kichwa kilichobanana, ukipata 2 au 3 kwa dakika umefanya kazi nzuri. Mpakiaji wa Sherman anashika kitu kimoja chepesi anasukuma, anakupita mara kadhaa. Kwa hiyo IS ipige mara 1, Sherman na T-34-85 zipige mara 2 kama hazikusogea.

Tuone dadu zinasemaje. Kwa dadu 2, kupata 8 au zaidi ni njia 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Kupata 9 au zaidi ni njia 10 kati ya 36, asilimia 28 hivi. Sasa ipe IS shuti moja la 8 na Sherman mashuti 2 ya 9, mtu akiangalia haraka atasema IS ina nafasi kubwa zaidi, lakini ukihesabu nafasi ya Sherman kupata angalau moja kati ya yale mawili inatoka asilimia 48. Imeipita. Bado kombora moja la IS likifika linamaliza kazi na la Sherman linaweza kugonga likateleza, hiyo ni sawa kabisa na ibaki hivyo, ndo maana ya kuwa na IS. Lakini sasa mwenye IS anaanza kuwaza kila shuti badala ya kufyatua tu.

Afu idadi. IS-2 inabeba makombora 28. Ishirini na nane tu, na mpangilio wa kawaida ulikuwa 20 ya kulipuka na 8 ya kutoboa chuma, kwa sababu kazi yake ya msingi ilikuwa kuvunja ngome na nyumba, kupambana na vifaru ni kazi ya ziada. Pershing inabeba 70. Chukua karatasi, kwa kila IS chora vijiduara 8, kila ikipiga kombora la kutoboa chuma unafuta kimoja, vikiisha inabaki na ya kulipuka. Hayo ya kulipuka nayo si mchezo, kilo 25 likigonga kichwa cha Sherman hata lisipotoboa wale waliomo ndani hawabaki salama, lakini kwa gemu lihesabiwe tofauti. Ukiona mwenzio ana vijiduara 2 vimebaki na bado kuna Firefly 3 (Sherman za Waingereza zenye mzinga wa pauni 17) hujazifunua, meza nzima inakaa kimya.

Mafuta nitapita haraka maana gemu yenu ni ya saa moja la vita, hakuna kifaru kitakachokaukiwa ndani ya zamu 8. Lakini kama mtaunganisha gemu 3 au 4 kuwa kampeni moja, kumbukeni Wasovieti T-34, IS na zile Sherman zao zote zinakunywa dizeli, magharibi Sherman zao nyingi, Pershing na zile Comet za Waingereza zinakunywa petroli. Kwa hiyo magharibi wakiteka dizeli ya vifaru vya Wasovieti haiwafai kwa vifaru vyao vingi, na kwa upande mwingine Wasovieti malori yao mengi ni Studebaker ya Marekani, spea zinatoka kwa adui mpya. Hiyo iwe dadu moja mwanzoni mwa kila gemu kuanzia ya pili: ukipata 1, kundi moja la akiba halikufika.

Ndege usiziache lakini usizifanye miungu. Waingereza wenyewe walipokwenda kukagua vifaru vilivyobaki mashambani Normandy walikuta roketi za ndege zao za Typhoon zimeua vifaru vichache sana kuliko marubani walivyodhani. Kilichotokea mara nyingi ni watu kujificha, kusimama, wakati mwingine kuviacha vifaru vikiwa vizima. Kwa hiyo ndege ikipita, kundi lililo chini halisogei zamu moja, na kwa 11 au 12 tu ndo kifaru 1 kinaangamia.

Sasa jambo moja nataka nilisisitize kuhusu Wasovieti, kwa sababu kwenye meseji yako kuna maneno "sisi tunawachezesha kwa kusonga mbele tu, wengi wengi". Hapana. Jeshi lile la 1945 si la 1941. Kuanzia tarehe 12 Januari hadi mwanzoni mwa Februari 1945 walitoka mto Vistula mpaka mto Oder, karibu km 500 kwa wiki 3, na huwezi kufanya hivyo kwa kusonga tu kama kundi la ng'ombe. Nguvu yao ilikuwa kwenye mpango wa ngazi ya juu, mizinga mingi iliyokusanywa sehemu moja, na akiba inayoingia mahali penye ufa bila kusubiri. Mezani fanya hivi: mchezaji wa Sovieti aandike agizo la kampuni nzima kabla ya gemu na kulibadilisha kunamgharimu zamu 1, lakini akiba yake inaingia kwenye zamu na ukingo anaotaka yeye bila kutupa dadu. Mchezaji wa magharibi anaamuru kila kundi dogo peke yake anavyotaka zamu kwa zamu, ila akiba yake inatupiwa dadu. Mtaona pande mbili zinaanza kufikiri tofauti kabisa, na huo ndo utamu wa hii kitu.

Nikupe mpangilio wa kuanzia, ujaribu wikiendi moja kabla hujarekebisha chochote. Magharibi ni Divisheni ya 1 ya Vifaru ya Poland, iliyokuwa kwa Waingereza: Sherman 8 za mm 76 na Firefly 4 zenye ule mzinga wa pauni 17, wana mizinga ya pauni 25 nyuma yao inayoweza kuwawekea ukuta wa moshi mara 2 kwenye gemu nzima. Wasovieti kampuni moja ya T-34-85, ambayo ni vifaru 10, kampuni moja ya IS-2, ambayo ni 5, na Sherman 3 za akiba. Najua idadi haiko sawa, ni 12 kwa 18, na iache hivyohivyo, usiisawazishe kwa pointi. Usawa utaupata kwenye lengo: Wapolandi hawatakiwi kuwaua wote, wanatakiwa kutoa vifaru 5 ukingo wa mashariki ifikapo zamu ya 8, kupitia moja kati ya njia 2 zilizo katikati ya maziwa. Wasovieti wanashinda wakiwazuia na bado wana angalau nusu ya T-34 zao. Na kila upande uruhusiwe kuondoka mezani, kifaru kilichoondoka salama hakihesabiwi kimekufa, maana hakuna kamanda aliyekuwa anapigana hadi kifaru cha mwisho kwa sababu tu kitambaa kimefika mwisho.

Nimewachagua Wapolandi kwa makusudi na naomba muwacheze kwa heshima. Watu wale walipigana kutoka Normandy mpaka Wilhelmshaven, na kwenye mpango ule wa Churchill Poland ndo ilikuwa sababu iliyoandikwa wazi. Sasa unawaweka kwenye njia ya kurudi kwao, na upande ule mwingine kuna jeshi la Wapolandi wengine wenye T-34 waliopigana pamoja na Wasovieti mpaka Berlin. Mimi hao wa pili siwaweki mezani, tuliwahi kujadiliana na wenzangu tukaona hapana, inatosha. Nyie mtaamua wenyewe.

Moshi ule wa pauni 25 utaonekana kitu kidogo lakini uangalie vizuri. IS-2 mbali ni hatari, karibu na ubavuni ni kifaru kizito chenye shuti moja. Mchezaji mzuri wa magharibi atafunga macho ya IS kwa moshi zamu ya 3 na ya 4, atavusha kundi moja kupitia njia ya kaskazini, na zile Firefly ataziacha nyuma ya mgongo zimenyamaza kabisa, kikadi kimefunikwa, mpaka T-34 zitoke kwenda kuziba. Mchezaji mzuri wa Sovieti atajua hilo na hatazitoa T-34 mpaka moshi uanze kupungua, na zile Sherman 3 za akiba atazipitisha msituni. Msipime kwa tepu kabla ya kutangaza shabaha, mtu akadirie kwa macho kwanza, ndo kupima kufuate.

Ukimaliza gemu ya kwanza niandikie vitu 2 tu, IS zilibaki na vijiduara vingapi na ni kikadi kipi kilifunuliwa cha mwisho, hapo nitajua kama maziwa yenu mmeyaweka karibu mno au mbali mno.